Mawe ya Baalbek, matofali ya Karema: tufanye nini na majengo tuliyorithi?



Tarehe 28 Novemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alisimama kando ya ziwa katika mji wa İznik nchini Uturuki, pamoja na Patriaki Bartolomeo I wa Konstantinopoli na viongozi wa Makanisa mengine. İznik ndiyo Nisea ya kale, palipofanyika Mtaguso Mkuu wa kwanza mwaka 325, na safari ile ilikuwa ya kuadhimisha miaka 1,700 ya Mtaguso huo. Viongozi hao hawakukusanyika ndani ya kanisa kuu lenye madirisha ya rangi. Walisali mbele ya misingi ya mawe isiyo na paa wala altare: mabaki ya basilika ya kale inayoaminika kuwa ya Mtakatifu Neofito. Kwa karne nyingi basilika hiyo ilikuwa chini ya maji, hata ikaonekana mwaka 2014 katika picha zilizopigwa kutoka angani. Sasa maji ya ziwa yamerudi nyuma na kuta zake zimejitokeza. Mbele ya mabaki hayo waliungama pamoja Kanuni ya Imani.

Kutoka Uturuki Baba Mtakatifu alikwenda Lebanoni, nchi ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa katikati ya vita. Mwezi Novemba 2024 mabomu yalianguka karibu na mahekalu ya Kirumi ya Baalbek, na jengo la zama za Waturuki lililokuwa jirani na magofu hayo likabomolewa. Siku chache baadaye UNESCO iliweka maeneo 34 ya urithi nchini Lebanoni chini ya ulinzi maalumu wa kimataifa.

Pengine msomaji wa Sumbawanga, Namanyere, Laela au Matai atauliza: mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na bei ya mbolea na soko la mahindi? Tunaamini yanatuhusu, tena kwa karibu. Katika parokia nyingi za Ufipa swali hili liko mezani hivi sasa: waamini wameongezeka, kanisa la zamani halitoshi, na Halmashauri ya Walei inapaswa kuamua kama jengo la mababu libaki au libomolewe. Tunapenda kulitafakari swali hilo kwa utulivu, tukianzia mbali na kurudi nyumbani.

Kilichosalia mashariki mwa Mediterania

Dola la Kirumi lilijenga mno katika nchi ambazo Injili ilihubiriwa kwanza. Huko Baalbek hekalu la Jupita lilikuwa na nguzo 54 kulizunguka, kila moja ikikaribia mita 20 kwenda juu. Leo zimesimama sita tu. Hadi mwaka 1759 zilikuwa tisa, na tetemeko la ardhi likaangusha tatu. Huko Efeso ungali upo ukumbi wa michezo ambamo, kama Matendo ya Mitume yanavyosimulia, wafua fedha walizusha ghasia dhidi ya Paulo. Katika mji huohuo wanaonyeshwa wahujaji kuta za kanisa la Maria, linalohusishwa na Mtaguso wa mwaka 431 uliomkiri Bikira Maria kuwa Mama wa Mungu.

Lakini mfano unaotufundisha zaidi uko Kaisaria, kando ya bahari katika Nchi Takatifu. Mwaka 1961 wachimbaji waliokuwa wakisafisha ukumbi wa Kirumi waligeuza jiwe moja la ngazi, wakaona chini yake maandishi ya Kilatini yenye jina la Ponsio Pilato. Jina tunalolitaja kila Dominika katika Kanuni ya Imani lilikuwa limelala kifudifudi kwa karne nyingi, watu wakilikanyaga. Mafundi wa karne ya nne waliolitumia jiwe lile hawakuwa na nia mbaya. Walihitaji ngazi, na jiwe lilikuwa karibu.

Hivyo ndivyo majengo mengi ya kale yalivyopotea. Matetemeko yaliangusha sehemu, na vita viliharibu sehemu, lakini kazi kubwa zaidi ya kumaliza mahekalu, makanisa na kuta ilifanywa na majirani waliokuja kuchukua jiwe moja moja kwa ajili ya nyumba na mazizi. Na kwa upande mwingine, majengo yaliyodumu vizuri kwa kawaida ni yale yaliyoendelea kutumika. Hekalu la Bel huko Palmyra, Siria, lililowekwa wakfu mwaka 32, enzi ya Bwana wetu mwenyewe, baadaye liligeuzwa kanisa, kisha msikiti, na hivyo likasimama karibu miaka elfu mbili. Lilivunjwa kwa baruti mwezi Agosti 2015 na kundi lililojiita Dola la Kiislamu. Mwezi huohuo kundi hilo lilimuua Khaled al-Asaad, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeitunza Palmyra kwa zaidi ya miaka 40. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Mwislamu huyu alikufa kwa sababu ya kulinda urithi ambao ndani yake mlikuwa na alama za wapagani, za Wakristo na za Waislamu.

Jinsi Roma ilivyofika Ufipa

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walianzishwa mwaka 1868 na Kardinali Lavigerie huko Algeria. Baadaye Kardinali huyo akawa pia Askofu Mkuu wa Karthago, katika Tunisia ya leo. Wamisionari wengi waliokuja pande zetu walisoma teolojia palepale Karthago, katikati ya magofu ya Kirumi ambayo mwenzao Padre Delattre aliyachimba kwa miaka mingi. Waliishi jirani na uwanja ambao kwa mapokeo ndipo walipouawa Watakatifu Perpetua na Felisita mwaka 203, wanawake wawili tunaowataja katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza. Felisita alikuwa mtumwa.

Basi walipofika kwetu na kuanza kujenga, walijenga walichokijua. Tazameni kanisa lolote la kale la misioni katika Ufipa au ufukweni mwa Tanganyika: ukumbi mrefu, nguzo kwa safu, matao ya matofali ya kuchoma, na nyuma ya altare ukuta wa mviringo. Huo ndio mpango wa basilika. Kwa Warumi basilika lilikuwa jengo la mahakama na biashara, na hakimu aliketi penye ule ukuta wa mviringo. Wakristo waliuchukua mpango huo na pale pa hakimu wakaweka altare na kiti cha Askofu. Kwa hiyo mwamini wa Ufipa anayepita chini ya tao la kanisa la zamani anapita chini ya umbo lililosafiri kutoka Roma hadi Karthago, na kutoka Karthago hadi kwetu. Lakini udongo ni wa hapa, kuni zilizochoma tofali ni za hapa, na mabega yaliyobeba ni ya babu zetu.

Mahali pa kwanza pa kuliona hili ni Karema. Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji alianzisha huko kituo cha chama cha Mfalme Leopold II, na ngome yake ikakabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Leo Karema imo katika Jimbo la Mpanda, lililozaliwa kutoka jimbo letu mwaka 2000. Lakini tusisahau kwamba sisi wenyewe tulikuwa Jimbo la Karema tangu mwaka 1953, na jina la Sumbawanga tulilipokea mwaka 1969 tu. Kwa Karema tulizaliwa.

Huko nako maji yana simulizi yake. Miaka ileile ngome ilipojengwa, mto Lukuga ulikuwa umefungua njia upande wa Kongo na ziwa likaanza kushuka kwa mita kadhaa. Ngome iliyojengwa karibu na maji ikajikuta mbali na ufuko. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakazingira nyumba na magati katika miji ya ziwa. Anayedhani kwamba mahali alipopajua babu yake patamngoja daima na alitazame Ziwa Tanganyika.

Karema ndipo alipofanya kazi Daktari Adriano Atiman, ambaye jina lake linabebwa na hospitali yetu mjini Sumbawanga. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu anaweza kusoma habari hizi kitabuni. Lakini kijana anayesimama Karema, akaona kuta ambazo mtumwa aliyekombolewa alipita kati yake kwa miaka 67 akienda kuwatazama wagonjwa, huelewa jambo ambalo ukurasa hauwezi kumpa.

Malungu ni urithi wetu pia

Tungekosea kama tungeishia kwenye makanisa. Kabla tofali la kwanza la misioni halijachomwa, Wafipa walikuwa wajenzi wa majengo ya moto. Malungu, yaani tanuri za kuyeyushia chuma, yalijengwa kwa udongo hadi kimo cha kati ya mita mbili na nne. Tanuri hilo halikuhitaji mivuo. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu yaliyozunguka chini, moto ukapanda kwa nguvu ya urefu wa tanuri, na tabaka za mkaa na mawe ya chuma ziliwaka kwa siku kadhaa. Kilichopatikana kiliyeyushwa tena katika tanuri dogo lenye mivuo, kisha mhunzi akafua majembe yaliyouzwa mbali na Ufipa. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipojaa sokoni.

Wamisionari wa kwanza waliitazama kazi hiyo kwa macho mawili. Waliogopa matambiko yaliyoandamana nayo, lakini pia waliistaajabia. Mmoja wao, Padre Wyckaert, aliandika maelezo marefu juu ya wahunzi wa huku na kuyachapisha mwaka 1914, na wataalamu wanayasoma hadi leo. Baadhi ya malungu bado yamesimama katika mashamba na vichaka vya uwanda wetu. Kila msimu wa kulima yanapungua. Jembe la ng'ombe hugonga ukuta, trekta humalizia, na wengine huvunja wakitafuta mali inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Kiu hiyohiyo ya mali imewafanya watu wachimbe kuzunguka majengo ya Wajerumani katika nchi yetu. Tuseme wazi: waliochimba wameachiwa mashimo na kuta zilizoanguka.

Hoja za upande wa pili

Wanaotaka kubomoa wana hoja, na si haki kuzidharau.

Wanasema Kanisa ni watu, si matofali. Ni kweli. Mwezi Julai 2025 kanisa la parokia ya Familia Takatifu huko Gaza lilipopigwa, watu watatu waliuawa, na hakuna Mkristo mwenye akili timamu aliyeuliza kwanza habari za paa. Mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu hupita kila nguzo ya Baalbek.

Wanasema pia kwamba fedha ni chache, na kwamba kanisa la zamani linavuja, lina popo na giza. Hili nalo ni kweli katika sehemu nyingi. Na wengine, hasa vijana wasomi, wanauliza kwa nini tutunze majengo ya wageni waliokuja wakati mmoja na wakoloni. Swali hilo linastahili jibu la kweli. Ngome ya Karema ilijengwa na chama kilichofungua njia ya utawala wa Leopold, ambao uliwatesa sana ndugu zetu wa Kongo. Hatuwezi kuitunza kama pambo. Tunaitunza kama shahidi, na shahidi mwaminifu husema yaliyo mazuri na yaliyo mabaya. Tukimwondoa, tutabaki na masimulizi ya wenye sauti kubwa peke yao.

Kwa hoja ya fedha tunajibu hivi: mara nyingi uchaguzi si kati ya kubomoa na kutofanya lolote. Kanisa dogo la zamani linaweza kuwa kikanisa cha kuabudia Ekaristi, ukumbi wa katekesi, maktaba au mahali pa mikutano ya WAWATA na vijana. Bagamoyo, walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, nyumba ya kale ya masista leo ni makumbusho yanayofundisha maelfu ya wanafunzi habari za utumwa na ukombozi. Na magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 na kuhesabiwa kuwa hatarini mwaka 2004, yaliondolewa katika orodha ya hatari mwaka 2014 baada ya kuta kukarabatiwa na wenyeji kushirikishwa. Kwa hiyo jambo hili linawezekana katika nchi yetu na kwa mikono yetu.

Kosa ambalo sisi wenyewe tulishiriki

Hatuandiki haya kama watu wenye mikono safi. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa paroko msaidizi katika parokia moja ambayo hatutaitaja, tulikubali bila kuuliza swali kanisa la kale la kigango libomolewe ili jipya lijengwe palepale. Tulifurahia sana mpango ule. Kazi ilikwisha kwa siku nne. Matofali mazuri yalitumika kujengea zizi la nguruwe na choo, na yaliyobaki yaligawanywa. Hatukupiga picha hata moja ya ndani. Hatukuandika jina la mzee hata mmoja aliyechoma yale matofali, ingawa wakati ule wawili kati yao walikuwa hai.

Siku ya kutabaruku kanisa jipya bibi mmoja alitushika mkono akatuuliza, "Baba, pale nilipofungia ndoa ni wapi sasa?" Tulimwonyesha kwa kidole, lakini hatukuwa na hakika. Alitushukuru kwa heshima, akaenda kukaa. Wazee wale wawili wamekwisha kufariki, na majina ya wenzao walikwenda nayo. Kanisa jipya ni zuri na linajaa kila Dominika. Hatujutii kulijenga. Tunajutia kwamba ardhi ilikuwapo ya kutosha hatua mia tu kutoka pale, na hakuna aliyefikiri kuitumia.

Sheria zinasema nini

Sheria ya nchi ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya baadaye hulindwa pale Waziri anapoyatangaza rasmi. Msomaji ataona mara moja tatizo letu: misioni ya kwanza ilianza Karema mwaka 1885, na makanisa yote ya Ufipa ni ya baada ya hapo. Kwa sehemu kubwa, ulinzi wa makanisa haya uko mikononi mwa Kanisa lenyewe. Tusipoyalinda sisi, ni vigumu kumlaumu mwingine.

Sheria ya Kanisa haiko kimya. Kanuni ya 1222 haimpi paroko wala kamati ya ujenzi mamlaka ya kuliondolea kanisa hadhi ya nyumba ya ibada. Uamuzi huo ni wa Askofu, tena kwa sababu nzito na baada ya kulisikiliza Baraza la Mapadre, isipokuwa pale jengo haliwezi tena kutumika wala kutengenezwa. Kanuni ya 1283 inadai orodha kamili ya mali, pamoja na vitu vyenye thamani ya kiutamaduni. Kanuni ya 1292 inataka kibali cha Kiti Kitakatifu kabla ya kuuza vitu vyenye thamani ya sanaa au historia. Kikombe cha kale, kengele, sanamu iliyoletwa kwa vichwa vya wapagazi: hivi si mali ya paroko aliyepo.

Tufanye nini

Tunapendekeza mambo machache ambayo parokia yoyote yaweza kuyaanza bila kungoja mfadhili.

Kwanza, kila parokia yenye jengo la kale ipige picha za nje na ndani, ipime urefu na upana, na kuihifadhi kazi hiyo parokiani na katika ofisi ya jimbo. Simu za vijana wetu zinatosha.

Pili, jumuiya ndogo ndogo ziwahoji wazee sasa: nani alichoma matofali, udongo ulichimbwa wapi, nani alikuwa katekista wa kwanza, nani alibatizwa pale. Majina yaandikwe. Hili halingoji mwaka ujao.

Tatu, tutunze paa kabla ya yote. Adui mkubwa wa ukuta wa matofali na udongo ni maji. Bati moja lililong'oka likirudishwa kwa wakati huokoa ukuta mzima. Miti inayoota ukutani ing'olewe ikiwa michanga. Na mafundi wasiharakishe kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa kale, maana hufungia unyevu ndani na tofali huoza taratibu. Chokaa ni rafiki zaidi.

Nne, kabla kamati ya ujenzi haijakata shauri la kubomoa, paroko amwandikie Askofu. Barua moja haichelewi kuliko majuto.

Tano, mkulima mwenye ilungu shambani mwake aache hatua chache pande zote bila kulima, na amjulishe Afisa Utamaduni wa wilaya. Katekista anaweza kuwapeleka watoto wa Kipaimara kuliona, awaeleze kwamba babu zao walijua kazi ya moto na chuma kabla ya kuijua shule.

Yoshua aliwaagiza wana wa Israeli wasimamishe mawe kumi na mawili baada ya kuvuka Yordani, kusudi watoto waje waulize na wazazi wawe na jambo la kujibu. Bwana wetu, alipoutazama uzuri wa hekalu la Yerusalemu, alitabiri kwamba litaangushwa. Mkristo anayashika yote mawili: anatunza mawe kwa ajili ya mtoto atakayeuliza, na anajua kwamba mawe hayo si kikao chake cha milele.

Katika mwezi huu tunawaomba viongozi wa Halmashauri za Walei waliweke suala hili katika ajenda ya kikao kimoja tu, na wazee waalikwe wasikilizwe. Bibi yule alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu. Tunaomba kila parokia ya jimbo letu iwe na jibu kwa bibi wa kwake.

Bikira Maria, Malkia wa Afrika, atuombee.